Tabo Mbili Katika Miezi Miwili

Juma hili nataka kuwapa habari za motokaa. Habari yenyewe ina aibu kidogo ndani yake, na fungu kubwa la aibu hiyo ni langu mimi, kama mtakavyoona.

Mzee mmoja wa upande wa Mchinga ameniletea barua. Mwanawe amenunua gari la petroli lenye tabo, nalo sasa latoa moshi wa buluu na halina nguvu mlimani. Fundi wa mjini ametaja bei ya kubadili tabo, na bei hiyo imemfanya mzee akae chini. Basi auliza: je, kazi hii haiwezekani kufanywa nyumbani? Mzee wangu, yawezekana. Sisi tuliifanya nyumbani, tena mara mbili. Ingalikuwa tuliifanya vema mara ya kwanza, ya pili isingalihitajika.

Najua mwingine atasema: Mimi nina jembe na shamba la ufuta, habari za tabo zanihusu nini? Ngoja kidogo, ndugu yangu. Magari haya ya mtumba kutoka Japani yameenea kwetu tangu lami ilipofika. Kama wewe huna, jirani yako analo, na siku moja utapakiwa ndani yake usiku ukiwa mgonjwa. Tena haya nitakayosema juu ya oili yaifaa pikipiki na mashine ya kusaga vilevile.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Injini huvuta pumzi kama mtu. Ikipata hewa nyingi, yaweza kuchoma mafuta mengi zaidi, na nguvu zake huongezeka. Injini ya kawaida huvuta hewa kwa kadiri ya ukubwa wake tu. Sasa Mswisi mmoja, injinia Alfred Büchi, aliona kwamba moshi utokao katika injini una nguvu nyingi zinazotupwa bure. Mwaka 1905 alipata hataza ya fikira yake: moshi ule uzungushe gurudumu dogo lenye mapanga, na gurudumu lile, kwa ufito mmoja, lizungushe jingine la kusukuma hewa ndani ya injini. Watu walichelewa kumwelewa. Katika miaka ya 1920 ndipo meli mbili za abiria za Ujerumani zilipofungiwa tabo zake. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alikuwa amekwisha kuijaribu tabo ya injini ya eropleni juu ya mlima wa Pikes Peak, wenye mita 4,300 hivi, ili kuona kama injini itapata pumzi mahali penye hewa nyepesi. Motokaa za petroli za kuuzwa kwa watu zilipata tabo mwaka 1962, huko huko Marekani, zilipotoka Oldsmobile moja na Chevrolet moja. Kwa hiyo si uchawi wa juzi.

Lakini tazameni taabu ya chombo hiki. Ufito wake hauzidi sana urefu wa kidole, nao huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Upande mmoja unapigwa na moshi wa petroli, ambao huweza kufika nyuzi 900 za joto au kupita, hata chuma chake huwa chekundu kama cha mhunzi. Moshi wa dizeli hauna ukali huo, ndiyo sababu tabo za malori huvumilia zaidi. Ufito huo haugusani na beringi chuma kwa chuma. Huelea katika oili, kama jahazi lieleavyo majini. Oili ikikatika kwa sekunde chache tu, jahazi limepwelewa juu ya mwamba, tena likiwa katika mwendo wake wote.

Sasa habari yetu. Kaka yangu mkubwa ananunua ufuta na korosho vijijini. Ana Subaru Forester ya mwaka 2005, ya petroli, yenye tabo, aliyoinunua kwa fedha za ufuta. Aendapo mbali kwa lori huniachia gari hapa Masoko, na siku aliponiachia mara ya kwanza alinipa neno moja: Mdogo wangu, kila Jumamosi pima oili, uandike. Mimi ni karani. Kuandika ndiyo kazi yangu. Mwaweza kuja ofisini mwangu mkauliza ubatizo wa babu yenu, nikawaonyesha kitabu, ukurasa na tarehe. Basi nilimwitikia kaka kwa moyo mweupe.

Machi 2024 alikuwa akirudi kutoka Lindi. Karibu na Mbwemkuru alisikia mlio kama birika la chai lichemkapo, kisha gari likawa zito kama limefungwa gogo, na nyuma ukatoka moshi wa buluu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha, wenye harufu tamu, mara nyingi ni maji ya rejeta. Mweusi ni petroli iliyozidi. Akajikokota mpaka nyumbani. Fundi mmoja alitaka Sh. 1,800,000/-. Kaka akapiga simu Dar es Salaam, akanunua tabo iliyokwisha kutumika kwa Sh. 600,000/-, ikaletwa kwa basi, tukaifunga chini ya mwembe wetu siku moja pamoja na kijana fundi kutoka Kivinje. Tulifungua ile mbovu, tukafunga ile nyingine, tukawasha. Gari likanguruma vizuri. Kaka akacheka, akasema tumeokoa zaidi ya milioni.

Siku ya 19 jirani yetu alitugongea mlango saa nane za usiku. Mke wake alikuwa na uchungu, na mimba yake haikuwa nyepesi, daktari alikwisha kuwaambia wasikae nyumbani. Kutoka Masoko mpaka hospitali ya Kinyonga, Kivinje, ni kama kilomita 30. Kaka hakuwapo, nikaendesha mimi. Tulipokaribia Singino nikasikia birika lile lile. Kisha nguvu zikaisha, na katika kioo cha nyuma sikuona kitu ila moshi. Nilisimama, kwa kuwa kuendelea kungaliweza kuiua injini yenyewe. Yule mama alikuwa ameushika ukanda wa kiti kwa mikono miwili, hasemi neno. Mumewe alisimama barabarani akipunga tochi ya simu. Bajaji mbili zilitupita. Lori la chumvi likasimama, dereva na utingo wake wakampisha mbele, nao wakamfikisha. Mtoto alizaliwa kabla ya alfajiri, wa kiume, mzima. Mimi nilibaki na gari mpaka kulipokucha, na kwa kweli sikuweza kusali wala kulala.

Kaka aliporudi alikasirika sana juu ya mwuza spea. Alimwita mwizi kwa simu, nami nikaunga mkono. Tulisema ametuuzia takataka. Yule mtu akajibu maneno machache tu: Ndugu, mliitazama njia ya oili? Kaka akakata simu. Akaagiza tabo ya tatu kwa mtu mwingine, Sh. 650,000/-.

Tena hapa ndipo penye maajabu ya habari hii. Siku zile zile za mwanzo wa Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya. Mvua iliyomwagika mnaikumbuka wenyewe. Maji yakaikata barabara kuu pale Somanga, magari ya Dar es Salaam yakalala upande wa pili, na tabo yetu ililala pamoja nayo. Kama barabara ingalikuwa wazi, tungaliifunga tabo ile Jumamosi ya kwanza, nasi tungaliiua kama zile mbili. Lakini fundi wetu kijana hakuwa na la kufanya. Mvua ilipotulia alikuja akafungua kila kitu, polepole, kwa kutaka kujua tu.

Akaufuata mpira na bomba linalopeleka oili kwenye tabo. Bomba hilo hufungwa kwa bolti yenye tundu katikati, ambayo oili hupita ndani yake. Katika injini nyingi za Subaru za namna ile, ndani ya bolti hiyo mna kichujio kidogo cha wavu, chembamba kuliko kidole cha mtoto. Akakitoa. Ndugu zangu, kilikuwa kimejaa tope jeusi gumu kama lami. Alipuliza kwa kinywa, pumzi haikupita. Kwa tundu hilo tabo mbili zilikuwa zikinyweshwa, na zote mbili zimekufa kwa kiu.

Tope hilo ni oili iliyozeeka. Oili ikikaa mno katika injini yenye joto huungua na kugandamana. Fundi akamwuliza kaka: Oili ilibadilishwa lini? Kaka akanitazama mimi. Nikaleta daftari. Ukurasa wa kwanza una Jumamosi tano, kwa mwandiko mzuri. Baada ya hapo hamna neno. Nilikuwa nikiongeza oili kidogo nionapo imepungua, basi. Kwa hesabu ya kilomita gari lilikuwa limekwenda karibu 20,000 bila kubadilishwa oili, wakati gari la petroli lenye tabo, kwa joto na vumbi la kwetu, yafaa libadilishwe kila kilomita 5,000. Kaka hakunigombeza. Alisema, Na mimi sikuuliza. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akampigia simu yule mwuza spea. Sikusikia waliyosemezana, ila aliporudi alisema mtu yule ni mwungwana.

Sasa mzee wangu wa Mchinga, nakueleza kazi kama tulivyoifanya mara ile ya mwisho, maana ya kwanza haifai kuigwa.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni tabo kweli. Mpira wa hewa uliopasuka nao hupunguza nguvu, na ni bei ndogo. Injini ikiwa baridi, toa mpira uingizao hewa katika tabo, ushike ncha ya ufito kwa vidole viwili. Kutikisika kidogo sana kwenda upande si kitu. Lakini ukienda mbele na nyuma, au mapanga yakikwaruza ukuta wa nyumba yake, imekwisha. Tazama pia kama panga limevunjika. Likiwa limevunjika, kipande kimekwenda mahali fulani, nawe huna budi kukitafuta katika mipira na katika kile kipoza hewa kabla ya kuwasha tena.

Ngoja injini ipoe usiku mzima. Ondoa waya wa betri. Gari likiinuliwa, liwekwe juu ya stendi madhubuti au magogo mapana, wala mtu asiingie chini likiwa juu ya jeki peke yake. Nimesema wala mtu asiingie, hata kwa dakika moja ya kuokota spana.

Sisi watu wa pwani tuna adui wetu, chumvi. Nati za ekzosi za gari lililokaa Kilwa haziwi kama nati za Songea. Siku mbili kabla ya kazi tulizimwagia mafuta ya kupenyeza, asubuhi na jioni. Hata hivyo mbili zilikataa. Fundi akazipasha moto kwa gesi mpaka zikawa nyekundu, huku mipira na bomba za petroli zimefunikwa kwa bati na ndoo ya mchanga iko karibu, ndipo zikalegea. Mtu mwenye haraka huzikata shingo, kisha hushinda siku mbili akitoboa mabaki kwa keekee. Kijana wetu hakuwa na haraka. Adhuhuri ilipofika aliweka spana chini, akanawa, akaenda msikitini kuswali, nasi tukamngoja tukila mihogo. Kazi ikaendelea.

Katika gari hili unaanza kwa kutoa kipoza hewa kilicho juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Kisha mabati ya kuzuia joto. Kisha ekzosi inayotoka katika tabo kwenda chini, bolti zake nyingine wazifikia kwa juu, nyingine kwa chini. Halafu bomba la oili, mipira ya maji (weka beseni, maji ya rejeta yatamwagika, na mbuzi wasiyanywe, ni sumu), mpira wa kurudishia oili, na mpira mdogo wa pumzi. Mwisho ni bolti zinazoifunga tabo juu ya bomba la moshi linalopanda. Ikiisha kutoka, ziba tundu la bomba lile kwa kitambaa kikubwa mara moja. Nati moja ikitumbukia humo, tabo mpya itaimeza siku ya kwanza. Kila fungu la bolti tulilitia katika kopo lake na karatasi yenye jina. Hiyo ilikuwa kazi yangu, nami safari hii niliandika.

Sasa yaja yale tuliyoyaruka mara ya kwanza. Bomba la oili tulilisafisha kwa petroli na kulipuliza kwa pampu mpaka hewa ikapita wazi. Kichujio cha wavu tulitia kipya. Wako mafundi wanaokitoa na kukitupa kabisa, na wana hoja zao, lakini mimi naona aheri kibaki, mtu abadili oili kwa wakati. Mpira wa kurudishia oili nao tuliutazama, kwa sababu ukiziba, oili haina pa kutokea, itapenya kwenye moshi, na mtu atadhani tabo mpya ni mbovu. Gasketi zote tulitia mpya, na vile vizibo vya shaba vya bolti ya oili pia, maana vya zamani huvuja. Kipoza hewa kilikuwa na oili tele ndani, tukakiosha na kukikausha juani, kwa kuwa oili ile ingalitoa moshi juma zima. Tukamwaga oili yote ya injini, na kwa kuwa beringi mbili zilikwisha kusagika humo, tulifungua hata sinia la oili chini. Tope la chini yake lilijaa vikombe viwili. Filta mpya, oili mpya.

Na hili ulishike sana. Tabo isianze kuzunguka ikiwa kavu. Kabla ya kufunga bomba la oili, mimina oili safi katika tundu la tabo, ukizungusha ufito kwa kidole mpaka uone umelainika. Ukiisha kufunga yote na kujaza maji, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, ili injini isiwake, kisha piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike. Ndipo urudishe fyuzi na kuwasha. Iache ingurume taratibu dakika tano bila kukanyaga moto, ukitazama chini kama pana uvujaji. Moshi kidogo wa mafuta yaliyobaki utatoka. Usifadhaike.

Kazi yote ilitwaa siku moja na nusu. Ile tabo ya tatu, gasketi, oili, filta, kichujio na ujira wa fundi vilifika Sh. 940,000/-. Ukijumlisha na ile ya kwanza tuliyoiua, karibu tunafikia bei ya yule fundi wa mjini tuliyemkataa. Kichujio peke yake kilikuwa Sh. 25,000/-.

Katika uendeshaji, kaka ameshika desturi moja mpya. Akitoka mwendo mrefu au mlimani hazimi gari papo hapo. Hulipa dakika moja au mbili lingurume, oili iendelee kupita na kuipoza tabo. Ukizima ghafula, oili iliyosimama ndani ya chuma chenye moto huungua ikawa masizi, na mwanzo wa lile tope ni huo. Watoto huona ni mzaha, baba amefika lakini hashuki.

Gari bado latembea hata leo. Yule mtoto wa jirani anakimbia uani kwetu sasa, na mama yake, akinikuta nimefungua boneti siku ya Jumamosi, huuliza kwa sauti: Karani, umeandika? Namwonyesha daftari.

Mzee wangu wa Mchinga, kabla mwanao hajatuma fedha Dar es Salaam, mwambie atoe kwanza ile bolti ya oili atazame ndani, kisha uniletee habari. Waliouliza juu ya mashine ya kusaga inayorusha mkanda, nimepata barua zenu mbili, nitazijibu juma lijalo.